Mume wangu hataki lori, hataki kitanda

*Shangazi, mume wangu alikuwa dereva wa lori la Dar–Tunduma. Mwaka jana alipata ajali Kitonga, utingo akafariki, yeye akavunjika mkono. Mkono umepona zamani ila kazi hataki. Analala sebuleni, taa na TV vinawaka mpaka asubuhi. Lori likifunga breki barabarani anaruka. Anakunywa. Mwezi uliopita nilimwamsha usiku akanikaba shingo, kisha akalia. Mama yake kahamia kwetu, anamdekeza kama mtoto, na katundika sebuleni picha kubwa ya marehemu mdogo wake mume wangu. Juzi mume kasema bora angekufa yeye. Kwa mganga nimekwenda, hela imeliwa. Kuna kaka mmoja ananijulia hali kila asubuhi, ananielewa. Niondoke? Mama Wawili, Mbeya.*

Pole, Mama Wawili. Kukabwa usiku na mtu uliyemzalia kunatisha.

Sasa tuongee. Juu umeandika "utingo akafariki", ukapita mbio. Huko chini unalalamikia picha ya marehemu shemeji yako. Nimerudia barua yako nikajiuliza: hawa ni watu wawili, au mmoja? Mimi naona ni mmoja. Mumeo alikuwa ameshika usukani, mdogo wake amekaa pembeni yake. Na huyo mama mkwe unayemnung'unikia kazika mtoto mmoja, anamkesha aliyebaki. Ulitaka picha aitundike wapi, jikoni?

Mumeo hajarogwa na wala si mvivu. Anaumwa. Madaktari wanaita PTSD, yaani kiwewe kilichokaa ndani ya mtu muda mrefu baada ya tukio kwisha. Dalili zote umeziandika mwenyewe bila kujua: tukio linamrudia usingizini, anakwepa lori na chochote cha kumkumbusha, anashtuka ovyo, na anajilaumu kwa kubaki hai. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hawakuwa wamesoma udaktari. Wengi wanaopitia ajali hutulia wenyewe baada ya wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani linasema hata kati ya walioupata ugonjwa huu, hadi asilimia 40 hupona ndani ya mwaka mmoja. Wa kwako mwaka umepita na chupa imeongezeka. Msisubiri tena.

Lile neno "bora ningekufa mimi" ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine. Usiliite deko. Leo hii muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Sumu ya shambani na ya panya ziondoke nyumbani, na akikubali kwamba anawaza hivyo, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata akikataa, wiki hii nendeni hospitali ya rufaa hapo Mbeya mkaulize kliniki ya afya ya akili. Mama mkwe aende naye, maana wewe ukimwambia atasema unamwita kichaa.

Huko tiba kuu ni maneno, ila si yale ya "jikaze, wewe mwanaume". Mtaalamu humsaidia kuisimulia ajali kidogo kidogo mpaka ikae mahali pake kama jambo lililopita, kisha humrudisha taratibu kwenye anavyovikwepa: leo kusimama karibu na maegesho ya malori, siku nyingine kukaa ndani ya lori lililozimwa. Mara nyingi ni miezi mitatu hivi, mara moja kwa wiki. Usidhani ni mambo ya Ulaya. Kambi ya Nakivale kule Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walisaidiwa kwa njia ya kusimulia, na waliowasaidia walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Anaweza pia kupewa vidonge kama setralini, vinavyochukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo asiviache siku ya tano. Valiamu ya duka la dawa msimpe kwa kienyeji, na pombe inampa usingizi wa saa mbili tu na kumwongezea jinamizi.

Usiku usimtikise. Simama mlangoni, mwite jina lake, mwambie yuko nyumbani. Lakini akikupiga akiwa macho, chukua wanao uende kwenu, tutaongea ukiwa salama. Ugonjwa si kibali cha kupiga.

Ninyi wanawake wa siku hizi mnanishangaza. Kitchen party mnachanga mamilioni, sare mnashona, kungwi anafundisha kukatika kiuno mpaka alfajiri. Nani alikufundisha kukaa na mume aliyevunjika akili? Hakuna. Mmefundwa kumpokea anayerudi na hela, anayerudi bila usingizi mnamwona amebadilika. Na wanaume nao wameambiwa tangu utotoni wasilie, wanatafuta baa ya kulilia. Halafu mnakutana kwenye picha za status, mnatabasamu kama hamna shida.

Uchovu wako nauona. Kazi, watoto, mgonjwa, vyote juu yako. Ndiyo maana nakwambia mama mkwe ni msaada. Mpe zamu ya usiku, na jioni moja kaa naye mbele ya ile picha umwombe akusimulie mwanawe alikuwaje. Ukoo wa mume uitwe kuhusu ada ya watoto, waliojaa msibani wanajulikana.

Kuhusu yule kaka wa asubuhi, hakuelewi. Hajawahi kuamka usiku na wewe, hajalipa hata kilo ya sukari. Mfute kwenye simu, na ile nauli uliyokuwa unampelekea mganga ndiyo iwapeleke kliniki.