Maswali na Majibu: Jina Tunalolibeba

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu jina la Mungu. Nimechukua tano.

Nauza mitumba mnadani. Mteja akibisha bei namwambia, "Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nimeinunua elfu nane," wakati niliinunua elfu tano. Ni dhambi, au ni lugha ya biashara tu?

Ni dhambi, ndugu yangu, na nadhani ulijua kabla hujaniandikia. Kutoka 20:7 tumeizoea hivi: "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako." Kitenzi cha Kiebrania pale, *nasa*, maana yake ni kuinua au kubeba, na neno lililotafsiriwa "bure" hubeba pia maana ya uongo. Kwa hiyo amri hiyo haimgusi tu anayeropoka "Mungu wangu!" akijikwaa kidole. Inamgusa hasa anayelichukua jina takatifu akaufunika uongo wake, kama wewe unavyoifunika ile elfu tatu ya nyongeza. Walawi 19:12 inalisema waziwazi: "Msiape uongo kwa jina langu." Yesu akaenda mbele zaidi, akataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, bila kiapo chochote (Mathayo 5:34-37).

Kupata faida si kosa. Mwambie mteja, "Naiuza elfu kumi, na mimi nipate cha watoto." Kuna mama mmoja niliyenunua kwake shati. Kabla sijatoa pesa aliligeuza ndani nje, akanionyesha kwapani mshono ulipoachia, akanipunguzia bei. Hakuapa kwa lolote. Hadi leo nikitaka shati naenda kwake.

Biblia yangu inaandika BWANA kwa herufi kubwa. Jirani ananiambia tumefichwa jina, tuseme Yehova. Kwaya yetu inaimba Yahweh. Nimwiteje?

Hakuna aliyekuficha, dada. Katika Agano la Kale la Kiebrania jina hilo limeandikwa kwa konsonanti nne, YHWH, zaidi ya mara 6,800. Wayahudi, kwa kicho, waliacha kulitamka. Wakilifikia katika kusoma walisema *Adonai*, yaani Bwana wangu. Karne nyingi baadaye, waandishi wao walipotia alama za irabu kwenye maandiko, wakaziwekea herufi zile nne irabu za *Adonai* ili msomaji akumbuke atamke nini. Wasomaji Wakristo wa Ulaya wakazisoma kwa pamoja, likatoka Yehova. Wataalamu wengi leo huona kwamba Yahweh liko karibu zaidi na matamshi ya kale.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 imefuata desturi ile ya heshima, ikaandika BWANA. Lakini fungua Kutoka 6:3 au Zaburi 83:18, utakuta YEHOVA imeandikwa wazi kabisa. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, mwaka 2008 Vatikano iliwaelekeza maaskofu kwamba Yahweh lisitamkwe katika nyimbo na sala za ibada, kwa sababu hiyohiyo ya kicho.

Mimi husema Bwana, kama mitume walioandika *Kyrios* katika Kigiriki. Lakini simkemei anayesema Yehova. Kinachoniumiza ni watu kutukanana kwa ajili ya jina ambalo sote tunalitamka kila Jumapili bila kugundua: *Haleluya* maana yake ni "msifuni Yah", na Yah ni ufupisho wa jina hilo. Musa alipouliza jina mbele ya kile kijiti kilichowaka moto, alijibiwa, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" (Kutoka 3:14). Kaa na jibu hilo asubuhi moja kabla watu hawajaamka. Mimi limenishika miaka mingi.

Tuliambiwa tukitamka "kwa jina la Yesu" mara saba ugonjwa unaondoka. Nimefanya hivyo, mtoto bado ana homa.

Mama, mpeleke mtoto zahanati sasa hivi, haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Jina la Yesu si hirizi ya kuhesabiwa. Katika Matendo 19, wana saba wa Skewa walijaribu kulitumia hivyo kule Efeso. Pepo akawauliza: Yesu namjua, Paulo namfahamu, ninyi ni akina nani? Wakatoka mbio uchi na majeraha. Anayekuja kwa jina la mtu ni mjumbe wake, anamjua aliyemtuma na anatii anachoagizwa. Mwombee mwanao kwa jina hilo mara moja au mara mia, kama mtu anayeongea na Baba. Kama homa haijashuka, hukukosea hesabu.

Nimenunua maandazi, yamefungwa kwa ukurasa wa Biblia. Nifanyeje na karatasi?

Usiogope, hujatenda kosa. Wayahudi hawatupi maandishi yenye jina la Mungu. Huyaweka chumba maalumu, na baadaye huyazika. Sinagogi ya Ben Ezra huko Kairo ilitunza hivyo karatasi za karne nyingi. Sisi hatuna sheria hiyo, ila mimi ningeikunja vizuri na kuichoma.

Bibi yetu wa Machame, Kilimanjaro, alimwita Mungu Ruwa mpaka anafariki. Tunataka neno hilo liandikwe kaburini. Kijana mmoja wa kanisani anasema ni la kipagani.

Poleni kwa msiba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, neno Ruwa walilikuta. Ni kweli kwamba kwa Kichaga ni jua pia, lakini Wachaga walimwita hivyo yule aliye juu, na Injili ikahubiriwa kwao kwa neno hilo. Wakikuyu wana Ngai katika Biblia yao, Wajaluo wana Nyasaye, Waganda Katonda, Wanyarwanda Imana. Hata "Mungu" anayelitetea kijana huyo ni ndugu wa Mulungu, lililotamkwa na Wabantu kabla Biblia haijafika. Na *El* wa Kiebrania, yaani Mungu, lilitumiwa na Wakanaani kwa mungu wao, kisha likaja kukaa huko mlimani katika Elibariki na Tumainieli, majina mliyobatiziwa wenyewe.

Bibi alisali kwa Kichaga na akasikiwa. Mwambieni fundi aandike Ruwa.