Mwaka Denmark ilipong'ara, na kwa nini hela ya bati haijafika

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu. Swali la baba mdogo nililisoma nikiwa kazini, nikaliacha kwa sababu si la kujibiwa kwa mstari mmoja. Anasema mwaka mzima wa 2024 Denmark haikukauka kwenye habari: malkia kaachia kiti, jengo la kale limeungua, Waziri Mkuu kapigwa hadharani, binti yao kavishwa taji la urembo wa dunia. Sasa mwanetu yuko katikati ya nchi inayong'ara hivyo, mbona hela ya bati haifiki?

Baba, mengi ya hayo niliyaangalia kama wewe, kwenye simu, nikiwa nimekaa kitandani na soksi mbili mbili. La malkia tu ndilo nililoliona nikiwa na wenyewe.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2023 nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Saa 12 jioni ya siku hiyo nchi nzima ilikuwa inatulia, malkia akihutubia kwenye televisheni. Wazee tunawavalisha tangu alasiri, lulu shingoni, tai, viatu vilivyong'arishwa, na mezani kuna samaki wa kuchemsha na mchuzi wa haradali (usiniulize ladha). Margrethe wa Pili alikuwa kwenye kiti tangu 1972. Karibu na mwisho wa hotuba akasema upasuaji wa mgongo aliofanyiwa mwezi Februari umemfanya atafakari, na kwamba tarehe 14 Januari, miaka 52 kamili tangu arithi, atamwachia mwanawe Frederik. Bibi niliyekuwa namkatia samaki akanishika mkono akaniambia nyamaza, na mimi sikuwa nimetamka neno. Wengine walilia. Yeye akaomba mvinyo zaidi.

Kwao hilo halikuwa limetokea kwa karibu miaka 900. Na siku yenyewe ilivyofika, hakuna taji lililovishwa mtu. Mama kasaini karatasi mbele ya mawaziri, kainuka kwenye kiti, mtoto kakaa. Kisha Waziri Mkuu Mette Frederiksen akatoka kwenye roshani ya jumba la Christiansborg na kumtangaza mfalme mara tatu, basi. Mtu wa kwetu lazima aangalie mara mbili. Mwalimu alipong'atuka 1985 mpaka leo tunasimulia.

Jengo lililoungua ni Børsen, soko la biashara la zamani pale Copenhagen, lililojengwa karne ya 17 enzi za mfalme Christian wa Nne, lenye mnara wa mikia minne ya dragoni iliyosokotwa pamoja. Asubuhi ya 16 Aprili lilikuwa kwenye ukarabati, limezungushiwa majukwaa ya mafundi, moto ukashika paa na mnara ukaanguka. Mlichokiona ni mnara. Kilichonigusa mimi ni wafanyakazi, askari na wapita njia tu, wakiingia na kutoka na michoro ya karne zilizopita mikononi, mmoja mkubwa wamebebana watu kadhaa kama wabeba jeneza. Hakuna aliyekufa.

Sasa nije kwenye hela, maana jambo lililonigusa mfukoni mwaka ule halikufika kwenye habari za huko.

Denmark ilikuwa na sikukuu inaitwa Store Bededag, siku kuu ya maombi, tangu 1686. Ilikuwa inaangukia Ijumaa ya nne baada ya Pasaka. Serikali ikaifuta kwa sheria kuanzia 2024, ikisema nchi inahitaji pesa za ulinzi, vita ya Ukraine iko jirani. Maandamano yalifanyika, vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele, ikapita vilevile. Kwa mtu wa ofisini ni siku moja ya kulala imepotea. Kwa sisi wa zamu ni tofauti. Sikukuu ndiyo tunayoigombania, kwa sababu saa za siku hiyo zina nyongeza. Mimi Ijumaa ile nilikuwa naiwekea hesabu kila mwaka, na baadhi yenu mmekula hiyo nyongeza bila kujua jina lake. Tarehe 26 Aprili 2024 nikaingia kazini kama siku nyingine yoyote, nikalipwa kama siku nyingine yoyote. Fidia waliyoweka ni asilimia 0.45 ya mshahara wa mwaka; ukiigawa kwa miezi, yangu inaishia kwenye mkate na maziwa. Cha kuchekesha, ile mikate ya ngano wanayokula moto moto mkesha wa sikukuu hiyo, maduka yanaiuza bado. Sikukuu imefutwa, mikate imebaki.

Na kodi ni hivi. Kabla ya kitu kingine wanakata asilimia 8, halafu ndiyo kodi yenyewe inaanza juu ya kilichobaki. Mkimaliza kuzidisha mshahara wangu kwa shilingi, mnazidisha fedha ambayo sehemu kubwa sijawahi kuishika. Sisemi naibiwa. Nikiumwa naenda kwa daktari bila kutoa senti, na kwa hilo siwezi kuisema nchi hii vibaya. Lakini kodi ya nyumba hailipwi na daktari. Gari mnaloniuliza kila Krismasi, ushuru wake wa usajili unaweza kufika asilimia 150. Nina baiskeli, na mvua naipata yote.

Habari ya Waziri Mkuu kupigwa, ile ya 7 Juni, nayo iliniingia kwa namna isiyosemwa. Dakika za kwanza hapakuwa na jina wala uraia wa aliyempiga. Kwenye grupu letu la Waafrika wa hapa kila mtu aliandika dua ileile: asiwe mweusi, asiwe mmoja wetu. Alikuwa raia wa Poland. Mahakama ikampa miezi 4 na kufukuzwa nchini. Mimi nikalala vizuri, na sijui Wapolandi wangapi hawakulala.

La mrembo ni Novemba, Mexico City. Victoria Kjær Theilvig, Mdenmark wa kwanza kushinda taji la Miss Universe. Aliyemfuata ni Chidimma Adetshina wa Nigeria, yule aliyejitoa kwenye mashindano ya Afrika Kusini baada ya maneno mengi juu ya uraia wake. Kazini walinipongeza asubuhi kwa keki. Nikala keki yao, moyoni nilikuwa wa Chidimma.

Kwa hiyo baba mdogo, bati natuma baada ya zamu za Krismasi, maana Krismasi bado haijafutwa. Natuma moja kwa moja kwa mwenye duka, si kwa fundi, na fundi asome hilo bila kununa. Mama, suala la kukuleta uishi huku tuliache. Sheria yao haina njia ya kumleta mzazi, hata kumleta mke wanataka wote wawili muwe mmetimiza miaka 24 na dhamana ya benki juu. Na dogo anayetaka kuja kusoma: chuo ni bure kwa Mdenmark na Mzungu wa Umoja wa Ulaya, wewe utalipa ada, na kibarua utaruhusiwa saa 90 kwa mwezi wakati wa masomo. Hazilipi ada hizo. Nitumie vyeti kwanza, tutafute ufadhili, na nauli usikope kwa mtu yeyote kabla sijaona barua ya chuo.