Kwa nini hakuna bunduki katika Into the Badlands

Sheikh wangu, umeuliza kwa nini watu wa tamthilia ya Into the Badlands wanapigana kwa panga na mikono mitupu, ilhali dunia yao imetokana na hii yetu iliyojaa bunduki. Jibu limo ndani ya hadithi yenyewe: baada ya vita vilivyoangamiza ustaarabu, mabwana walioigawana ardhi walizipiga marufuku bunduki, na tangu hapo nguvu ya kila bwana hupimwa kwa wapiganaji aliowalea, kama Sunny, anayeigizwa na Daniel Wu.

Kwangu mimi, niliyekulia Wete, Pemba, kati ya mikarafuu, kinachogusa zaidi ni uchumi wa dunia hiyo ya tamthilia. Quinn, bwana anayetumikiwa na Sunny, anatajirika kwa mashamba ya maua ya kasumba yanayolimwa na watu wasio huru, na Mpemba hawezi kuyatazama bila ya kukumbuka kwamba karafuu zetu nazo, katika karne ya 19, zilistawishwa kwa jasho la watumwa. Hasimu wake, bwana wa kike aitwaye Mjane (The Widow), anamiliki visima vya mafuta. Kwa hiyo kila pambano, hata likiwa zuri vipi, lina ugomvi wa mali nyuma yake.

Ianze mwanzo. Msimu wa kwanza una vipindi 6 tu, na wa pili, anapoingia mhusika Bajie, anayeigizwa na Nick Frost, ndio ulionoga zaidi kwa maoni yangu. Wa tatu, wenye vipindi 16, ulimalizika mwaka 2019.