Usiupime Wema kwa Jicho la Mtoaji

Watu wengi ninaowafahamu hawakosi moyo wa kusaidia. Wanachokosa ni imani kwamba hicho kidogo walicho nacho kitafaa. Mtu anamkumbuka rafiki aliyefiwa, anashika simu, kisha anajiuliza, "Nitamwambia nini cha maana?" Simu inarudi mfukoni. Mwingine anaiona kazi nzuri ya mwenzake na anatamani kumsifu, lakini anahofia ataonekana anajipendekeza, basi ananyamaza. Wema unaishia kifuani kabla haujamfikia aliyeuhitaji. Mimi nimewahi kuwa upande wa kupokea kwa muda mrefu, na huko nilijifunza kwamba anayetoa si mtu wa kutegemewa katika kuupima wema wake mwenyewe.

Nilimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Usiku mmoja wodini, mwanamke aliyekuwa akimwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia, "Lala kidogo dada, akikuita nitakuamsha." Hatukuwa tunafahamiana. Sidhani kama leo analikumbuka jambo hilo, na kwake huenda halikuwa jambo lolote, kwa kuwa alikuwa macho hata hivyo. Kwangu usingizi ule ulinipa nguvu ya kumkabili daktari asubuhi na kuelewa alichokuwa akinieleza.

Baada ya mazishi wengi waliniambia, "Ukihitaji chochote usisite kuniambia." Walimaanisha, na ninawashukuru hadi leo. Lakini mtu mwenye msiba hajui anahitaji nini. Akijua, hana nguvu ya kuchagua amwombe nani, wala ujasiri wa kuomba. Walionipunguzia mzigo ni wale waliokuja na jambo mahususi: "Jumamosi nakuja kukusaidia kufua, nije asubuhi au mchana?" "Natoka sasa hivi, watoto wako nitawapitisha shuleni." Mmoja alinitumia ujumbe miezi kadhaa baadaye, wakati wengine walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao: "Leo nimemkumbuka mama. Usijisumbue kujibu." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonigusa zaidi, maana hayakuniachia deni.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtu aliyeelemewa, taja kitu, taja siku, na umwachie nafasi ya kukataa bila aibu. Kiwe kitu unachokiweza kweli. Kumpikia mtu mara moja na kufika ni bora kuliko kumwahidi mwezi mzima ukaonekana siku ya kwanza tu.

Nilidhani hilo la mtoaji kuupima vibaya wema wake nimeliona mimi peke yangu, mpaka niliposoma utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley, uliochapishwa mwaka 2022. Katika jaribio mojawapo, watu waliokuwa kwenye uwanja wa kuteleza barafuni huko Chicago, Marekani, wakati wa baridi, walipewa nafasi ya kumpa mgeni wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto. Waliotoa waliombwa wakadirie mpokeaji atafurahi kiasi gani, na makadirio yao yakawa chini ya furaha ambayo wapokeaji wenyewe waliieleza. Mtoaji aliangalia kikombe. Mpokeaji alipata kikombe pamoja na kujua kwamba kuna mtu amemfikiria. Hicho cha pili ndicho tunachosahau kukihesabu tunapojiambia kwamba tulicho nacho ni kidogo mno.

Kuna kazi nyingine ya zamani kidogo ambayo kila nikiikumbuka inanifanya nishike simu na kuandika. Jerome Motto, daktari wa magonjwa ya akili huko San Francisco, aliwafuatilia watu waliowahi kulazwa kwa sababu ya sonona au hatari ya kujiua. Kati yao 843 walikuwa wamekataa kuendelea na matibabu. Watu hao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa barua fupi kwa miaka 5, angalau mara 4 kila mwaka. Kundi la pili halikupelekewa chochote. Barua zenyewe hazikuwa na mahubiri wala maswali. Zilimjulia mtu hali, zikamtakia heri, na kumwambia kwamba akipenda kuandika atapokelewa kwa furaha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopokea barua walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilionekana wazi hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Sisemi kwamba ujumbe wako utachukua nafasi ya tiba. Mtu akikuambia anafikiria kujiua, kaa naye, usimwache peke yake, na umfikishe kwa wataalamu. Ninachosema ni kwamba mistari michache isiyomdai mtu kitu inaweza kuwa na uzito ambao mwandishi wake hawezi kuuona.

Sasa, kinachotuzuia si mashaka peke yake. Haraka nayo inatuzuia sana. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema, yule msafiri wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani. Njiani kulikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Miongoni mwa wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Kati ya waliokuwa wakienda kuhubiri huruma na waliokuwa wakienda kuzungumzia mambo mengine, tofauti haikutosha kuthibitika kitakwimu. Nikisoma hayo simwoni mwanafunzi mwenye roho mbaya. Ninamwona mtu ambaye saa imemfumba macho. Ndiyo maana siku hizi natoka nyumbani mapema kidogo kuliko ninavyohitaji. Nikiwa na dakika za ziada naona mengi: mzee anayehangaika kusoma kibao, mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo mikononi, kijana mgeni kazini anayekula peke yake. Nikiwa nimechelewa, watu hao wote wanakuwa vizuizi vya njiani.

Kuhusu sifa sina maneno mengi. Likikujia neno jema juu ya mtu, mpelekee siku hiyohiyo, na utaje alichokifanya. "Ulivyomweleza yule mteja taratibu mpaka akaelewa, nimependa" hukaa moyoni kuliko "wewe ni mzuri sana". Na mtu akikuhudumia vizuri, mwambie pia msimamizi wake. Malalamiko hufika ofisini yenyewe, pongezi mara nyingi hazifiki.

Lakini upo wema unaoumiza, nao si wa kunyamaziwa. Kumpiga picha unayempa msaada ili uwaonyeshe watu wengine ni kumtumia. Masimango ni mabaya zaidi. Ukimkumbusha mtu kila mara ulivyomfaa, unakichukua tena ulichompa, na heshima yake juu. Vilevile uliza kabla ya kugusa. Nimeona watu wakimkamata asiyeona mkono na kumvusha barabara ambayo hakutaka kuvuka, kwa nia njema kabisa. Jitambulishe, uliza kama anahitaji msaada, akikubali mpe mkono wako ashike juu kidogo ya kiwiko, kisha utangulie hatua moja. Akikataa, mtakie safari njema uondoke bila kununa. Kukataliwa msaada si tusi.

Na wewe unayeelemewa tayari, unayewahudumia wengine mchana na usiku, sitakuongezea kazi. Kwako ninalo ombi tofauti: jifunze kupokea. Sisi tuliozoea kutoa huwa wagumu hapo. Mtu anatuletea msaada, tunasema "hapana, usisumbuke" mara tatu, mpaka anaondoka akiamini kwamba kweli hakuhitajika, na safari ijayo hajaribu. Pokea. Kisha, kwa kuwa mtoaji hawezi kuona mwenyewe alichokifanya, mweleze. Usiseme asante tu na kuishia hapo. Mwambie kilikusaidia wapi: kwamba ile siku aliyokuja kufua ndiyo siku uliyopata kulala mchana, kwamba ujumbe wake ulikukuta garini ukiwa unalia. Hata kama imepita miaka, mwambie. Kuna uwezekano mkubwa kwamba amesahau, na huenda wakati huo huo yuko mtu mwingine ambaye yeye anataka kumtendea jambo jema lakini anasita kwa kuwa analiona dogo.