Socialite yatosha, ila kazi nusu ni yako
Ndugu yangu, wauliza kama Socialite, kifurushi cha kumwezesha mtu kuingia kwa akaunti yake ya Google au Facebook, chatosha. Kwa mfumo wa Laravel (zana ya kujengea tovuti kwa PHP) wa kupokea oda za wenye maduka wa Kongowea, yatosha. Ni ya Laravel wenyewe, na Google na Facebook zimo tayari. Ila inakuletea taarifa za mtumiaji tu, kama jina, barua pepe na kitambulisho (ID) alichopewa na Google au Facebook. Kumhifadhi kwenye hifadhidata ni juu yako. Usiunganishe akaunti hiyo na iliyopo kwako kwa sababu tu barua pepe zafanana. Hakikisha kwanza barua pepe imethibitishwa kuwa ni yake, la sivyo mtu ataingia akaunti ya mwenziwe. Mtambue mtu kwa kile kitambulisho, barua pepe hubadilika. Tena Google hukataa kivinjari kilichofichwa ndani ya programu nyingine, kwa hivyo mteja akifungua kiungo humo humo Facebook atakwama. Muwekee na njia ya namba ya simu.