Mwasumini wenye majani ya manjano: jivu liacheni jikoni

SWALI: Assalamu aleikum, bwana shamba. Nipo Jambiani. Nina mwasumini kando ya ukuta wa uani, huu mwaka wake wa pili. Majani machanga yanatoka na rangi ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani, na asumini zenyewe hazitoshi hata kikuba kimoja. Nimetia jivu, nimetia urea, na juzi nimenunua sokoni chupa ya "dawa ya kijani". Haubadiliki. Nitie nini tena?

JIBU: Waaleikumu salaam, dada. Kwanza jivu lisimame leo hii, na urea pia.

Jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani ni alama ya mti uliokosa madini ya chuma. Ingekuwa naitrojeni, yangeanza majani makuukuu ya chini, na jani lingepauka lote pamoja na mishipa yake. Magnesi nayo huanzia chini. Kwa hiyo urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, umeitibia maradhi ambayo mti hauna.

Chuma chenyewe kimo ardhini kwako, ila kimefungwa. Chukua kijiko cha udongo mkavu kutoka shinani, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa ya matumbawe, na huko maweni ya kusini mwa Unguja sitarajii jingine. Udongo wa namna hiyo pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume chake) huwa kama 8, na kila pH inapopanda kwa 1, chuma kinachoyeyuka hupungua kiasi cha mara elfu. Ukuta nao unaongeza: mafundi wakimaliza kujenga, kifusi cha saruji na chokaa hubaki palepale kwenye msingi. Na ukimwagilia maji magumu ya kisima, unatia chokaa nyingine kila jioni.

Sasa juu ya yote hayo mtu anamwaga jivu! Jivu la kuni lina potasi, ni kweli, lakini sehemu yake kubwa ni chokaa. Kila kopo unalotia linazidi kukifunga kile chuma. Kila wiki naulizwa habari ya majani ya manjano, na karibu kila mara jivu limeshatiwa, kwa sababu jirani kasema. Penye udongo wenye asidi, kama sehemu nyingi za vilima vya Pemba, jivu kidogo lina faida yake. Jambiani, Paje na Makunduchi si mahali pake.

Misumari ya kutu iliyofukiwa shinani haisaidii, kwani kutu ni chuma kilekile kisichoyeyuka. Siki na maji ya ndimu huisha nguvu mara yanapogusa matumbawe, na tumbawe lipo jingi kuliko siki yote ya dukani.

La kufanya ni hili. Kwa nafuu ya haraka, yeyusha gramu 3 za salfeti ya chuma katika lita 1 ya maji ya mvua, unyunyizie majani jioni jua likishapoa, juu na chini ya jani. Jaribu tawi moja kwanza, usubiri siku mbili uone kama haliungui. Rudia kila baada ya wiki mbili, maana majani mapya hayapati kilichonyunyiziwa ya zamani. Funika ukuta, dawa hii inaacha doa la kutu. Usiimwage ardhini, itafungwa vilevile. Ukitaka ya kutia shinani, tafuta chuma cha aina ya EDDHA, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokikinga kisifungwe na chokaa. Kile cha EDTA hakistahimili udongo wako, hata muuzaji akiapa.

Tiba ya kudumu ni kuutoa mwasumini kwenye matumbawe. Usiung'oe. Mvua za masika zikianza, kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 kwenye matawi yaliyoanza kukomaa, ondoa majani ya chini, uvichomeke kivulini penye unyevu. Vikishika mizizi, hamishia kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini: sehemu mbili udongo usiotoa povu kwa siki, moja samadi iliyooza kabisa, moja usumba. Usumba wa huko kwenu mara nyingi hutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani, umejaa chumvi. Uroweke maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kuyamwaga mara tatu au nne mpaka ukionja maji hayana chumvi. Ndoo ikae juu ya mawe, mizizi isitokee chini ikarudi kwenye matumbawe. Maji ya mvua ya kwenye bati wekea mwasumini. Ya kisima pelekea mabogenvilia, yanavumilia zaidi.

Ama ile chupa, ina lebo? Imeandikwa kilichomo, kipimo chake na jina la mtengenezaji? Kama haina, usiunyunyizie mti ambao watoto wanachuma maua yake na nyinyi mnayavaa kichwani. Yule anayeuza "dawa ya kijani" kwenye chupa ya soda anaiuza hiyohiyo kwa mwenye mwasumini wa Jambiani, mwenye mawaridi wa Mwera na mwenye mlangilangi wa Wete, bila kuuliza udongo wala kutazama jani lipi limeanza. Ikiwa ndani ni urea iliyoyeyushwa, mti wenye njaa ya naitrojeni utaitika, sifa zitaenea, na mwenye maradhi kama yako atanunua chupa ya pili na ya tatu. Ikiwa ni sumu ya wadudu iliyozimuliwa, hakuna atakayejua mpaka mtu aumwe. Muuzaji asiyeweza kukwambia kilichomo, mrudishie chupa yake.