Pawa saplai: feni kuzunguka haitoshi

Mwaka wangu wa pili kwenye ufundi, mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea kompyuta iliyokuwa ikijizima na kuwaka tena yenyewe. Asubuhi inaanza vizuri, lakini akifungua picha nyingi za pasipoti ili azipange kwenye karatasi moja, kioo kinakuwa cheusi. Nilichomoa pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka. Nikasema pawa nzima, bodi kuu ya kompyuta (motherboard) ndiyo imekufa. Akanunua bodi ya mtumba kwa hela aliyokuwa ameiweka ya kununulia karatasi za msimu wa mitihani. Siku ya tatu akarudi na tatizo lilelile.

Safari hii nilipima mashine ikiwa kazini. Waya wa njano, unaotakiwa kuwa na volti 12, ulisoma 12.1 kompyuta ikiwa imetulia. Nilipofungua zile picha, namba ikashuka hadi 10.9 na mashine ikajizima mbele yangu.

Ninyi mnaoanza mtafundishwa mbinu ya waya wa kijani siku ya kwanza, na ni mbinu ya kweli: inaonyesha kama pawa inaitikia amri ya kuwaka. Lakini feni ile inakula wati mbili tatu tu. Kompyuta ya ofisi ikiwa kazini inaweza kutaka wati mia moja, na yenye kadi ya picha ya michezo ikataka mia tatu au zaidi. Ukiamua kwa feni peke yake, ni kama kumpa mchukuzi kikombe cha chai, akakishika vizuri, ukasema basi gunia la mahindi ataliweza.

Kabla ya kupima chochote, soma lebo, na uisome upande ulioandikwa kwa herufi ndogo. Ile "500W" kubwa iwekeni kando kwanza. Tafuteni mstari wa +12V muone ampea ngapi, kisha zidisheni kwa 12. Kama ni ampea 16, hapo kuna wati 192, na hizo ndizo prosesa na kadi ya picha zinazozitegemea, kwa sababu kwenye mashine za sasa karibu mzigo wote mkubwa uko kwenye volti 12. Kadi yenye plagi moja ya pini 8 inaruhusiwa kuchukua hadi wati 150 kupitia plagi hiyo, na 75 nyingine kupitia bodi. Pigeni hesabu wenyewe. Stika ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, inazungumzia umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi kama volti zinatulia, na stika yenyewe mtu yeyote anaweza kuichapa.

Sasa kupima. Chomeka pawa ukutani bila kuiwasha, weka multimita, kile kipimo cha volti, kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye zambarau. Lazima upate karibu volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Zisipokuwepo, kitufe cha kuwashia kitabonyezwa hadi jioni bila jibu. Kisha iwashe. Njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, na ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa kijivu nao upande hadi karibu 5 muda mfupi baada ya kuwaka. Huo ndio unaoiambia bodi kwamba umeme uko tayari, na wengi wanausahau. Kijivu kikikosa, feni zinazunguka zote na kioo hakileti kitu, halafu fundi anaanza kubadilisha ramu.

Namba hizo zikiwa sawa bila mzigo, ndiyo kwanza umeanza. Mimi natumia balbu za mbele za gari, zile za halojeni za volti 12 na wati 55, za bei ndogo kwenye maduka ya spea. Moja inavuta kama ampea 4 na nusu. Washa pawa kwanza, ndipo uunganishe balbu, moja baada ya nyingine, kila moja kwenye plagi yake. Balbu ikiwa ya baridi inavuta mkupuo mkubwa wa ghafla, na hata pawa nzima inaweza kujizima kwa kujilinda. Ziweke juu ya kigae au tofali, maana zinaunguza kweli. Chomeka pia diski ngumu (hard disk) ya zamani ili volti 5 nazo zipate kazi. Kuna pawa nyingi za bei nafuu ambazo ukizibebesha upande wa 12 peke yake, 12 inashuka na 5 inapanda, ukaidhania mbovu bure. Iache dakika 20, upime tena ikiwa imepata moto. Hitilafu ya mama yule isingechukua dakika mbili kuonekana.

Multimita ina mpaka wake. Inakupa wastani, haioni mawimbi madogo ya haraka yanayopanda juu ya volti. Kiwango kinachokubalika kwenye 12 ni milivolti 120, na kuyaona kunahitaji oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Kama huna, mulika tochi kwenye matundu uangalie vichwa vya kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme: vikiwa vimevimba au vimevuja, usiirudishe kwa mteja hata kama namba ni nzuri.

Mulika tu, usifungue. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani unakuwa kama volti 325 kwenye kapasita kubwa, na kwenye pawa za kisasa unakaribia 400. Unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Nawaomba sana, mpaka mtu anayejua awasimamie, boksi hilo libaki na skrubu zake. Na pawa za zamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 zikaguliwe kabla ya kuchomekwa. Ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko.

Mteja akisema mashine inazima umeme unapokatika ingawa ana UPS, boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ipime moja kwa moja ukutani kwanza. Baadhi ya pawa mpya hazielewani na UPS za bei ndogo, na hapo hakuna kilichoharibika ndani ya kompyuta. Pia mkipokea Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba, angalieni plagi kabla ya kumtuma mtu kununua pawa, maana nyingi hazitumii ile ya kawaida ya pini 24.

Siku hizi naandika namba zote kwenye stika ya karatasi na kuibandika ubavuni mwa pawa: bila mzigo, na mzigo, tarehe. Bodi ya mama yule niliyoihukumu niliifunga kwa pawa nyingine, ikafanya kazi wiki nzima. Nikamrudishia, pamoja na hela ya bodi aliyoinunua, kidogo kidogo kwa miezi minne.